Umekunywa tena: namna ya kurekebisha mpango wako wa kuacha pombe

Swali lenyewe huja kwa sura nyingi. "Kaka, nilikuwa na siku tisini na nne, jana nimepiga bia sita, naanza moja?" "Nimwambie waifu au ninyamaze?" "Kwa hiyo mimi siwezi, si ndiyo?" Nimeyajibu haya kwa meseji, kwa simu, na siku moja kwenye kituo cha mwendokasi Kimara huku mabasi mawili yakitupita. Nimeona niyaandike yakae sehemu moja.

Huu si mwongozo wa kuacha pombe kwa mara ya kwanza. Ni wa mtu aliyeshaacha, iwe wiki tatu au miaka mitatu, akawa na mpango wa namna fulani, halafu akateleza. Mimi niliteleza mara tatu kabla ya safari hii niliyo nayo sasa. Mbili za kwanza nilifanya kosa lile lile: nilichana mpango mzima nikaandika mwingine, mkali zaidi, wenye viapo. Ule wa zamani haukuwa mbovu wote. Ulikuwa na tundu, na sikulitafuta.

KABLA YA KUANZA

Uwe na vitu hivi:

- Daftari dogo na kalamu. Siyo simu. Kwenye simu kuna washikaji, na washikaji wako Sinza.
- Mpango wako wa zamani. Kama ulikuwa kichwani tu, uandike ulivyokuwa, hata ikiwa ni mistari mitatu.
- Mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Si lazima awe mlokole au mtaalamu. Awe tu mtu ambaye hatakucheka wala kukuambia "moja haiui".
- Chakula cha siku mbili ndani: uji, ndizi, supu, chochote ambacho tumbo litakubali. Na maji mengi.
- Mtu wa kukushikia pesa kwa siku chache, au angalau uamuzi kwamba hutembei na zaidi ya nauli.

Hatua ya 1 hadi ya 3 zifanye leo, hata kama kichwa kinagonga. Kuanzia ya 4 subiri ulale usiku mmoja bila pombe. Mpango ulioandikwa na mtu mwenye hengova huwa ni barua ya kujitukana.

Hatua ya 1. Anza na mwili

Kama ulikunywa jioni moja ukaishia hapo, utaumwa kichwa, utajilaumu, basi. Nenda hatua ya 2.

Kama umekunywa kila siku kwa wiki au zaidi, hasa pombe kali, soma hapa polepole. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla hupata arosto, na arosto ya pombe inaweza kuua. Watu wanadhani ya unga ndiyo hatari peke yake. Siyo.

Mara nyingi huanza ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho: mikono inatetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo unakwenda mbio, usingizi umekata. Degedege, likija, huja zaidi ndani ya siku mbili za kwanza. Siku ya pili hadi ya nne ndipo wengine huanza kuweweseka: wanaona wadudu ukutani, wanaongea na watu wasiokuwepo, homa inapanda, hawajui leo ni siku gani. Hapo ndipo nyumbani huitwa mchungaji au shehe, kwamba kijana kapandwa na mashetani. Waiteni, lakini wamkute hospitali.

Nenda hospitali bila kusubiri kama umewahi kupata degedege ukiacha pombe, kama unatapika hata maji hayakai, kama umechanganyikiwa, au kama mikono inatetemeka hadi kikombe hakishikiki. Kwa Dar, hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala, pamoja na Muhimbili, zina huduma ya afya ya akili, na mgonjwa wa pombe si mgeni kwao. Ukifika sema ukweli: unakunywa nini, kiasi gani kwa siku, ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Usipunguze kwa aibu, maana matibabu yanapangwa kwa jibu lako. Ukipewa vitamini B1 usidhani unazugwa. Mnywaji wa muda mrefu huishiwa nayo, na ubongo huumia kwa kuikosa.

Onyo la kwanza: usiende duka la dawa kujinunulia Valium. Ndiyo, dawa za jamii hiyo hutumika hospitali kutuliza arosto, lakini kule wanapima na kukuangalia. Ukichanganya na pombe iliyobaki mwilini, unaweza kulala pumzi ikakata.

Onyo la pili: kuzimua. Bia moja ya asubuhi "kutoa loki" ndiyo mlango wa siku ya pili. Na kama hali ni mbaya kiasi kwamba bila hiyo bia hutulii, usijikaze kiume chumbani peke yako. Hiyo ni ishara ya kwenda kwa daktari leo.

Onyo la tatu: kama ulichokunywa ni gongo au chupa usiyojua imetoka wapi, na sasa macho yanaona ukungu, tumbo linauma au unahema haraka haraka, wahi hospitali saa hiyo hiyo. Hiyo huenda ni methanoli, aina ya pombe yenye sumu, haiishi kwa kulala.

Hatua ya 2. Isiwe na siku ya pili

Glasi ya kwanza huleta hasara kidogo. Hasara kubwa huletwa na sentensi inayofuata: "Nimeshaharibu, acha nimalizie wiki, Jumatatu naanza upya." Mwanasaikolojia wa Marekani Alan Marlatt alitumia miaka kuichunguza sentensi hii, na alichokieleza kila mlevi wa Tabata anakijua: kuteleza ni kitu kimoja, kurudi kwenye ulevi ni kingine, na kinachokuvusha kutoka cha kwanza kwenda cha pili mara nyingi ni ile hisia ya kwamba umeshindwa kabisa.

Kwa hiyo leo kazi yako ni ndogo. Mwaga kilichobaki. Mwaga wewe mwenyewe, usimpe jirani, maana utamfuata. Kagua maficho yako yote. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini chupa ndogo za kuingia mfukoni hazikuondoka, na chupa ndogo hujificha popote. Yangu ilikaa nyuma ya mtungi wa gesi jikoni, imevingirishwa kwenye kitambaa cha kudekia. Nilikuwa nimeisahau kweli, miezi minne. Siku niliyoteleza niliikumbuka ndani ya dakika tano.

Kula. Oga. Mpe mtu kadi na simu yenye pesa. Lala mapema hata kama hulali.

Hatua ya 3. Mwambie mtu mmoja kabla ya kulala

Mmoja tu. Si kikundi cha familia, si hadhara ya kanisa. Ujumbe mfupi unatosha:

"Shikamoo kaka. Jana nilikunywa. Leo sijanywa. Sitaki ushauri saa hizi, nilitaka tu ujue. Nipigie kesho saa mbili asubuhi."

Mimi nilimtumia jamaa aliyenitangulia kuacha. Alijibu: "Marahaba mdogo wangu. Umekula?" Hakuna kingine. Kesho yake saa mbili kamili simu iliita.

Kuhusu mwenza wako: mwambie, lakini usimwambie ukiwa umelewa, na usitoe ahadi. Ameshazisikia ahadi zako zote, na ana haki ya kuzichoka. Mwambie kilichotokea, na hatua unayofanya leo. Akikasirika, akasirike. Kosa la kawaida hapa ni kumtaka akusamehe usiku ule ule ili wewe upate usingizi.

Hatua ya 4. Rudi nyuma saa kwa saa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ndoo ikivuja huitupi. Unaijaza maji, unainyanyua, unaangalia linatoka wapi.

Fungua daftari. Anza na glasi ya kwanza, halafu rudi nyuma siku tatu. Andika ulikuwa wapi, na nani, umekula nini, umelala saa ngapi, pesa zilikuwa wapi, ulijiambia nini. Usiandike "shetani alinipitia". Andika saa.

Yangu ya mara ya tatu ilikuwa hivi:

Jumatano: mshahara umechelewa. Nimelala saa tisa usiku.
Alhamisi: mchana sikula, chai kavu tu. Nimemgombeza mtoto bure.
Ijumaa saa nne asubuhi: mshahara umeingia. Sikumpigia mke wangu kumwambia.
Saa tisa alasiri: meseji ya kamati ya harusi ya binamu, kikao saa kumi na mbili, grosari moja hapo Sinza.
Saa kumi na moja: nimemwambia mke wangu, "Napita tu kuwasilisha mchango."
Saa moja kasoro: nimekaa. Mhudumu kasimama na trei, anauliza, "Ya moto au ya baridi?" Hakuuliza kama nakunywa. Nikasema baridi.

Kwa wiki kadhaa niliamini kosa lilikuwa saa moja kasoro, kwamba nilikosa jibu la kumpa yule dada. Nikawa nafanya mazoezi ya kusema "soda" mbele ya kioo. Baadaye nilipousoma ukurasa kutoka chini kwenda juu ndipo nikaona: saa kumi na moja nilikuwa nimeshaamua. Mchango ungeenda kwa simu ndani ya dakika moja, na nilijua. Na ukipanda juu zaidi unakutana na mtu mwenye njaa, mwenye hasira, asiyelala. Pale grosari sikufanya uamuzi wowote, nilikwenda kutekeleza.

Ukimaliza ya kwako, zungushia duara sehemu zote penye mojawapo ya haya manne: njaa, hasira, upweke, uchovu. Kisha tafuta uongo wa kwanza. Karibu kila ukurasa una uongo mdogo, "napita tu", "nakaa dakika kumi", "nitakunywa maji". Hapo ulipodanganya ndipo tundu lilipo.

Hatua ya 5. Soma mpango wa zamani kwa kalamu

Pita mstari kwa mstari. Weka tiki kwa kilichokuwa kinafanya kazi hadi siku ile. Piga mstari kwa kilichokuwepo kwenye karatasi tu. ("Nitafanya mazoezi kila asubuhi": ulifanya mara ngapi?) Kisha linganisha na ukurasa wa hatua ya 4: je, ile saa uliyodanganya ilikuwa na kifungu chochote kinachoihusu? Mara nyingi hakuna kabisa. Mpango unasema habari za baa, hausemi kitu kuhusu siku ya mshahara.

Onyo: usifute vilivyo na tiki. Siku tisini na nne zililetwa na kitu fulani.

Hatua ya 6. Badilisha mambo mawili, yasizidi matatu

Andika kila moja kwa sura hii: "Ikitokea hivi, nafanya hivi." Kitendo kiwe kidogo na kiwe na saa. "Nitakuwa imara" si kitendo. Mifano ya hapa mjini:

Siku ya mshahara. "Pesa ikiingia, ndani ya saa moja natuma kodi, ada na ya chakula, iliyobaki inakwenda kwa mke wangu au kwenye kikoba." Kama hujaoa, dada au mama anafaa zaidi ya rafiki.

Njia ya kurudi nyumbani. Kama kituo chako kiko mbele ya baa yako, shuka cha mbele urudi kwa mguu. Dar hii hutapata mtaa usio na grosari. Unatafuta mtaa ambao grosari yake haikujui jina.

Kamati za harusi. Tuma mchango kwa simu, sema una udhuru. Kama ni ndugu wa karibu na lazima ufike, fika kwenye ukumbi na si kwenye vikao, kaa meza ya akina mama wakubwa, shika soda yako mkononi tangu mwanzo, ondoka muziki unapopandishwa. Soda iwe ya chupa na usiiache mezani. Kuna watu huona ni utani kukuchanganyia.

Mechi ya Simba na Yanga. Kama umezoea kuangalia ukiwa na bia, usiangalie baa. Nenda kibanda umiza, lipa kiingilio, kaa kwenye benchi na joto lako. Ukishindwa, sikiliza redioni. Hii ilikuwa ngumu kwangu kuliko msiba wowote.

Msibani. Usiku wa matanga jipe kazi: ukae jikoni, usimamie maji, uandike daftari la rambirambi. Wanaokunywa hukaa nyuma, kwenye magari. Wewe kaa kwenye taa.

Na hili naomba nilisisitize kwa sababu linawaponza wengi. Watu huacha pombe Ramadhani nzima au Kwaresima nzima, na wanaweza kabisa, halafu Idi au Pasaka wanalipiza. Kabla ya mfungo wanavunja jungu, baada ya mfungo wanafungulia koki. Sina neno na mfungo, umenisaidia hata mimi. Ila kama mpango wako una tarehe ya mwisho, mwili wako unaijua tarehe hiyo na unaisubiri. Andika kifungu cha Idi mosi kabla mwezi haujaandama.

Hatua ya 7. Amua utahesabuje siku

Kwenye vikundi vya AA (Alcoholics Anonymous), vya walevi wanaosaidiana kuacha, vilivyoanzia Marekani mwaka 1935, siku huhesabiwa kutoka glasi ya mwisho, kwa hiyo unaanza moja. Wengine hiyo moja huwavunja moyo. Mimi naandika namba mbili: siku tangu glasi ya mwisho, na jumla ya siku kavu za mwaka. Aliyekuwa na 94 akanywa moja, kesho yake ni "1 / 95". Zote ni za kweli. Usiandike mojawapo tu kwa sababu inakupendeza.

Hatua ya 8. Weka tarehe ya kukagua, na kikomo

Kagua siku ya 7 na ya 30, ukiwa na yule mtu wa hatua ya 3. Kisha weka kikomo: "Nikiteleza tena ndani ya miezi mitatu, naenda kliniki, siandiki mpango mwingine peke yangu." Kiandike kikomo sasa ukiwa na akili timamu.

Kliniki ya afya ya akili wanaweza kukupa ushauri nasaha, na zipo dawa za kusaidia, kama naltreksoni na disulfiramu, ambazo daktari huamua baada ya kuangalia ini lako na dawa nyingine unazotumia. Methadoni siyo ya pombe, ni ya waliotumia heroini, kwa hiyo usipoteze siku kwenye foleni yake. Zipo pia nyumba za upataji nafuu unakokaa kwa muda. Kabla ya kulipa, nenda ukaone wanapolala, ukaulize nani anatoa dawa na mtu akipata degedege usiku anapelekwa wapi. Wakikosa jibu la hilo la mwisho, ondoka.

Onyo kwa ndugu: msimtilie mtu disulfiramu kwenye chai bila yeye kujua, hata kama shemeji wa fulani alifanya ikasaidia. Akinywa pombe juu yake, presha inaweza kuanguka na moyo kwenda kombo. Hiyo ni kumtega.

IKIKWAMA

Hamu inakuja kila jioni saa kumi na mbili. Mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya nusu saa hivi. Kula kwanza, kitu kizito, halafu tembea au piga simu. Wengi wanaodhani wana kiu ya bia wana njaa, hawajala tangu chapati ya asubuhi.

Usingizi hauji. Wiki ya kwanza ni kawaida, na wakati mwingine huendelea zaidi. Punguza chai na kahawa baada ya mchana, amka saa ile ile hata kama umelala vibaya. Ukiona wiki tatu zimepita bado, mwone daktari.

Washikaji wanasema umeringa. Waambie uko kwenye dozi. Hakuna Mtanzania atakayebishana na dozi. Baadaye utawaambia ukweli, au hutawaona tena, yote sawa.

Nataka kupunguza tu, nisiache. Kama umeshawahi kupata arosto ya kutetemeka, kupunguza hakujawahi kukaa kwako, angalia historia yako mwenyewe. Kama hujawahi, zungumza na daktari, usizungumze na muuza baa.

Mke haamini tena. Ataamini akiona miezi. Wewe mpe daftari alione akitaka, usimsomee.

Nafanya kazi baa. Hili sina jibu jepesi, maana kodi inalipwa na hiyo baa. Omba kuhamia jikoni au stoo, omba zamu ya mchana, usipokee bia ya ofa hata ya kumpelekea mtu nyumbani. Huku ukitafuta kazi nyingine kimya kimya.

Nawaza kufa. Usikae peke yako usiku huu. Mwambie mtu akupeleke hospitali, sema maneno hayo hayo mapokezi: nawaza kujiua. Mambo mengine yote ya kwenye daftari yatasubiri.

Nasoma haya nikiwa nimelewa. Basi usiandike kitu wala usimpigie mtu wa kugombana naye. Bodaboda yako iache ilipo. Kunywa maji, lala ubavu, mwambie mtu wa nyumbani akuangalie mara mbili tatu usiku. Asubuhi anza na hatua ya 1.